Sanduku la vitabu vya sikukuu: shajara ya mradi, Tanga

3 Rajabu

Sanduku litabeba vitabu tisa vya picha, kila kimoja na siku yake ya kutoka na siku yake ya kurudi. Vinne vinafuata mwezi: Ramadhani, Idi ndogo, Idi ya kuchinja na Maulidi. Viwili ni vya Krismasi na Pasaka. Vitatu ni vya majira: masika, machungwa na maembe. Wasomaji ni watoto wa miaka mitatu hadi saba wa Ngamiani na Makorora, mitaa ambayo nyumba hii wanafunga na nyumba ya pili wanakwenda kanisani, na sahani ya pilau hupita ukutani sikukuu zote mbili. Kwa sababu hiyo vyote vinakaa sanduku moja.

Utaratibu wa kutoa: kitabu hutoka siku saba kabla ya sikukuu na hurudi siku tatu baada yake. Cha Ramadhani kina siku yake: kinatoka siku ya kuvunja jungu, karamu ya kuukaribisha mfungo, mwishoni mwa Shaabani. Kitabu kinachozagaa mezani mwaka mzima watoto huacha kukiona. Kilichofungiwa miezi kumi na zaidi hupokelewa kama mgeni aliyetoka safari, na mtoto hukumbuka ukurasa ambao mwaka jana hakuuelewa.

Ukubwa: A5, kurasa 24, karatasi sita za A4 zilizokunjwa kati.

9 Rajabu

Rasimu zote za picha za Idi ndogo zimerudishwa. Zilikuwa nzuri, ila watoto walichorwa chini ya miavuli, nguo mpya zimeinuliwa zisiguse tope. Mchoraji alifuata alichokiona: mwaka 2024 Idi iliangukia Aprili, 2025 ikaangukia mwisho wa Machi, masika yakibisha hodi. Lakini mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, hivyo kila mwaka Idi hurudi nyuma kama siku 11 kwenye kalenda ya ukutani, na huchukua miaka ipatayo 33 kuzunguka majira yote. Mwaka 2000 Idi ndogo ilisaliwa mara mbili, Januari na tena Desemba. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili. Mtoto anayesomewa kitabu hiki leo atawasomea wanawe wakati Idi iko kwenye upepo wa kusi au kwenye jua kali la kiangazi, na picha ya mwavuli itakuwa uongo.

Kanuni iliyopitishwa, nayo ndiyo inayoongoza kazi yote: kitabu cha mwezi hakichorwi majira. Hakuna mvua, hakuna embe wala chungwa, hakuna jahazi lenye tanga lililojaa upepo wa upande fulani. Meza ya futari iwe na tende, uji, mihogo ya nazi, ndizi, maharage, vitumbua, yaani vitu vinavyopatikana soko la Mgandini mwezi wowote. Mchoraji alikuwa ameweka sahani ya maembe yaliyomenywa, imetolewa.

Vitabu vya Kikristo havina shida hiyo. Krismasi haihami: ni joto, kaskazi na maembe, na ni vizuri yachorwe. Pasaka huhama, lakini kati ya 22 Machi na 25 Aprili tu, na muda huo kwa kawaida ni wa masika pwani yetu. Kwa hiyo miavuli haikupotea bure. Imehamia kwenye msafara wa Jumapili ya Matawi.

16 Rajabu

Kanuni ya wiki iliyopita ingebaki ya watu wazima kama mtoto asingeiona kwa macho. Tumetengeneza gurudumu la kubandika ndani ya kifuniko cha sanduku.

Duara la nje ni la manila, kipenyo sm 30, nalo halizunguki. Duara la ndani ni sm 22, juu yake, linazunguka. Ukingo wa duara la ndani una mzingo wa karibu sm 69, na huo ndio mstari wa kupimia. Miezi ya kalenda ya ukutani imeandikwa nje ya ukingo huo: mwezi wa siku 31 umepewa sm 5.9, wa siku 30 sm 5.7, Februari sm 5.3. Pale pale zimechorwa mvua za masika (Machi hadi Mei) na za vuli (Oktoba hadi Desemba), machungwa ya Muheza katikati ya mwaka, maembe kuanzia Novemba. Pembeni kabisa kuna alama za miongo, siku kumi kumi, jinsi wavuvi na wakulima wa pwani walivyouhesabu mwaka wa jua wa Nairuzi: miongo 36 na siku tano za ziada. Siku ya Mwaka, inayoadhimishwa Makunduchi, Zanzibar, mwezi Julai, ipo kwenye duara hili la jua, haipo kwenye la mwezi. Watu wazima wengi huichanganya.

Duara la ndani ndilo lililokosewa mara ya kwanza. Liligawanywa vipande 12 sawasawa, likapendeza, na halikufaa. Mwezi mwandamo una wastani wa siku 29.5. Miezi 12 haijazi mwaka wa jua, na ukiinyoosha ijaze, mwisho wa mwaka umepotea siku 11. Kipimo sahihi ni sm 5.6 kwa kila mwezi, kupimwa kwa utepe wa fundi cherehani kuzunguka ukingo, kisha linabaki pengo la karibu sm 2. Pengo liachwe jeupe. Tumeliweka baina ya Ramadhani na Mfunguo Mosi, kwa kuwa Waswahili huanza kuhesabu hapo: Mfunguo Mosi, Pili, Tatu (wa Idi ya kuchinja), hadi wa Tisa, kisha Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Mfunguo Sita ni wa Maulidi.

Siku ya Idi mtoto hurudisha duara nyuma kwa upana wa pengo, mpaka mstari wa Mfunguo Mosi ukae kwenye tarehe ya siku hiyo. Mwendo wote wa mwaka unaonekana katika kitendo kimoja cha kidole.

Ekseli: vifungo viwili vya shati, kimoja mbele na kimoja nyuma, vilivyoshonwa pamoja kupitia tundu la katikati. Acha ulegevu wa unene wa kijiti cha kiberiti, kwani uzi ukikazwa sana manila hupinda badala ya kuzunguka. Pini ya chuma isitumike, sababu iko hapa chini.

22 Rajabu

Karatasi. Hapa ndipo vitabu vingi vya nyumbani hufa.

Kwanza, pini za stepla. Hewa ya bahari huziozesha. Kwanza inakuja alama ya kahawia kwenye mkunjo, kisha karatasi inakatika hapo hapo. Vitabu vyote vitashonwa.

Pili, mwelekeo wa nyuzi za karatasi. Kila karatasi ya kiwandani nyuzi zake zimelala upande mmoja, na kitabu kinatakiwa nyuzi ziende sambamba na mgongo wake. Karatasi ya A4 ya kawaida nyuzi zake zimelala kwa urefu, hivyo ukiikunja kuwa A5 unazikunja nyuzi kinyume: kurasa husimama wima hazitaki kulala, na unyevu ukizidi ukingo wa mgongo hufanya mawimbi. Kwa gramu 80 inavumilika. Kwa jalada la gramu 200 haivumiliki kabisa, jalada hujifungua lenyewe kama mdomo wa samaki.

Namna ya kupima: kata kipande cha sm 5 kwa 5, kilowanishe upande mmoja kwa kidole. Kitajikunja kama bomba, na bomba hilo limelala sambamba na nyuzi. Weka alama kwenye karatasi kubwa kabla ya kukata. Tumenunua manila kubwa na kukatia majalada humo, tukaacha kadi za A4 zinazouzwa tayari kwenye steshenari. Kurasa za ndani zimebaki A4 ya gramu 80 kwa kitabu cha Ramadhani peke yake. Vingine vinakatwa kutoka karatasi kubwa ya gramu 120.

Mpangilio wa kurasa 24: namba mbili zilizo upande mmoja wa karatasi zijumlishe 25 daima. Karatasi ya nje ina 24 na 1, nyuma yake 2 na 23. Inayofuata 22 na 3, nyuma 4 na 21. Endelea hivyo mpaka ya ndani kabisa, 14 na 11, nyuma 12 na 13. Ni 12 na 13 tu zilizo karatasi moja pale zinapotazamana. Picha kubwa inayovuka mkunjo ikae hapo. Kwingine kote nusu mbili zinatoka kwenye karatasi mbalimbali na hazikutani sawasawa, uso wa mtu ukiwa kwenye mkunjo unapata pua mbili.

2 Shaabani

Uzi. Tanga ni mji wa mkonge, na wazo la kushonea kwa mkonge lilivutia. Limekataliwa: nyuzi zake ni ngumu na zina makali, zinakata karatasi kwenye tundu kama msumeno. Mkonge utatumika kwa vishikio vya sanduku. Kurasa zinashonwa kwa uzi wa pamba wa nyuzi tatu, uliovutwa mara mbili juu ya kipande cha nta ya nyuki ili usiteleze wala usinywe maji.

Matundu matano kwenye mkunjo kwa mgongo wa sm 21: la kati, kisha sm 4.5 na sm 9 kila upande. Toboa kwa sindano nene kabla ya kushona, karatasi zote zikiwa zimepangwa pamoja na jalada. Uzi sm 70. Ingia kutoka ndani kwenye tundu la kati, panda mpaka juu, rudi, pita kati, shuka mpaka chini, rudi, funga ndani. Mwisho wa uzi ubaki sm 1.5, ukikatwa karibu na fundo, hufumuka watoto wakivuta. Kingo za kurasa zikatwe baada ya kushona, kwa sababu karatasi za ndani huchomoza kidogo.

8 Shaabani

Picha ya mwezi wa Idi imechorwa mara nne.

Ya kwanza ilikuwa na nyota ndani ya hilali. Hapo penye giza ni mwili wa mwezi wenyewe, nyota haiwezi kuonekana mbele yake. Ya pili ilikuwa na hilali iliyosimama kama ile ya juu ya msikiti. Alama ya msikiti ni alama. Mtoto akitoka nje kuutafuta mwezi wa namna hiyo hataupata. Kwetu, karibu na ikweta, mwezi mchanga hulala kama mtumbwi, pembe zote mbili zikitazama juu, ukiinama kidogo huku au kule kufuatana na wakati wa mwaka. Ya tatu ilikuwa na mtumbwi mzuri kabisa wa mwezi, juu ya bahari ya Raskazone. Kosa kubwa kuliko yote: bahari yetu iko mashariki. Mwezi unaoandama huonekana magharibi, punde tu baada ya jua kuzama, upande wa Muheza na milima ya Usambara. Watoto wangesimama ufukweni wakitazama upande usio wake.

Picha ya nne: paa za mabati, mnazi mmoja, milima kwa mbali, anga ya rangi ya papai, na mwezi mwembamba unaohitaji kutafutwa. Tumeuchora mdogo kwa makusudi. Kitabu hakisemi uko wapi. Kinauliza tu: “Nani ameuona?”

13 Shaabani

Ubao wa kuhesabu saumu, unaokuja pamoja na kitabu cha Ramadhani. Vidirisha 30 vya kufungua, na tatizo ni cha 30. Mwezi ukiandama jioni ya 29, kidirisha kimoja kinabaki kimefungwa, na mtoto wa miaka mitano anaona kama amedhulumiwa. Suluhisho: ubao una vidirisha 29. Cha 30 kiko kwenye ulimi wa kadi uliofichwa nyuma, unaovutwa tu ikitangazwa kwamba mwezi haukuonekana. Kwa hiyo siku ya 30 inakuwa nyongeza. Ikikosekana hakuna anayelia.

Kidirisha kifunguliwe baada ya futari, si asubuhi. Kinachohesabiwa ni saumu iliyotimia. Watoto wasiofunga siku nzima wafungue pia. Ubao ni wa nyumba.

Vidirisha vikatwe pande tatu kwa wembe mpya na rula ya chuma. Upande wa nne ukunwe kidogo kwa ncha ya kalamu iliyokwisha wino kabla ya kukunja, la sivyo huchanika siku ya tatu.

17 Shaabani

Maneno. Kurasa mbili zinazotazamana zisizidi maneno 25, herufi za pointi 20 au zaidi. Kila kitabu kinafunguliwa kwa “Paukwa!” ukurasa wa 1, na “Pakawa!” haikuandikwa popote, kwani hiyo ni kazi ya watoto.

Swali likae ukurasa wa kulia, jibu nyuma yake. Mfano kutoka Idi ndogo, ukurasa wa 15:

“Hodi, hodi! Shikamoo bibi.”

Halafu msomaji anasubiri, anafunua:

“Marahaba mjukuu wangu. Karibu ndani.”
“Idi mubaraka, bibi. Naomba mkono wa Idi.”

Katika majaribio watoto walijibu marahaba kabla ukurasa haujafunuliwa, kila mara. Rasimu ya mwanzo ilikuwa na salamu na jibu pamoja, na ukurasa ulipita kimya. Maneno yale yale.

Zaka ya fitri imepata kurasa mbili zake, nyingi kuliko nguo mpya. Pichani mama anapima pishi ya mchele kwa kila mtu wa nyumba, hata mtoto mchanga aliye mgongoni. Vibaba vinne ni pishi moja, kama kilo mbili na nusu. Vibaba vinachorwa kimoja kimoja ili vihesabiwe kwa kidole, na vinatoka nyumbani kabla ya sala ya Idi, kwa hiyo ukurasa huo lazima utangulie ule wa uwanjani. Ulikuwa umewekwa nyuma yake, umehamishwa.

18 Shaabani

Krismasi: theluji imefutwa kurasa zote, pamoja na bomba la moshi. Mti ni tawi la mvinje kwenye ndoo ya mchanga. Minazi inainama kutoka kaskazini. Kwenye kitabu cha machungwa, cha katikati ya mwaka, inainama kutoka kusini. Watoto wa wavuvi wa Sahare watalitazama hilo kabla ya kitu kingine.

22 Shaabani

Majalada ya kanga. Kanga ni nyembamba, gundi hupenya na kuacha baka la kijivu mbele. Paka gundi kwenye manila, usipake kitambaa. Gundi iwe nzito. Kitambaa kiwe kimepigwa pasi na kikavu. Kitenge kipya kifuliwe kwanza, kina wanga wa kiwandani unaokataa gundi, na husinyaa. Jina la kanga, yale maandishi, lisikatwe vipande. Tumelipanga lipite nyuma ya kitabu likiwa zima, na kwa jalada la A5 hilo linawezekana kwa majina mafupi tu.

Gundi: unga wa ngano vijiko 4, koroga na maji baridi vijiko 4 mpaka madonge yaishe, mimina maji ya moto vijiko 16, pika moto mdogo dakika 3 hadi 5 mpaka ing'ae. Chuja kwa chujio la chai. Ipoe kabisa. Ni ya siku moja, kesho yake imechacha. Matone matatu ya mafuta ya karafuu yanachelewesha ukungu. Karafuu ya kusaga huacha madoa. Mende wanaipenda gundi hii, kwa hiyo ukingo wa ndani wa jalada ufunikwe kwa karatasi mpaka mwisho, pasibaki gundi wazi.

Kugandamiza: tofali mbili zilizoviringwa gazeti, saa 24. Siku za unyevu saa 48, na gazeti libadilishwe mara moja.

6 Ramadhani

Idi ya kuchinja, michoro ya penseli. Mbuzi anaonekana kurasa nne: anafika, anapewa majani, anafungwa kamba ya mkonge, na jioni yake watoto wanamletea maji. Hakupewa jina. Kuchinja kwenyewe hakuchorwi. Ukurasa unaofuata ni sinia tatu, ya nyumbani, ya ndugu na jirani, ya wasionacho. Mtoto akiuliza mbuzi yuko wapi, aambiwe ukweli. Kitabu kimeacha nafasi hiyo kwa mzazi, hakikuziba kwa picha ya mbuzi akiruka mawinguni kama ilivyopendekezwa.

24 Ramadhani

Sanduku ni la mbao, limeinuliwa juu ya vipande vinne vya tofali, sm 10 kutoka sakafuni na sm 5 kutoka ukutani, mchwa waonekane kabla hawajafika. Ndani kuna kifuko cha majani makavu ya mwarobaini na karafuu, hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu. Vidonge vya naftalini havitumiki hata kimoja. Vinafanana na peremende, na mvuke wake hudhuru watoto, zaidi mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali ambayo si ngeni pwani.

Wakati wa masika vitabu vitolewe mara moja kwa wiki, visimamishwe vimefunguka kidogo kivulini penye upepo kwa saa mbili. Jua la moja kwa moja hupausha rangi za maji, nyekundu ikianza.

4 Mfunguo Mosi

Kitabu cha Idi ndogo kimerudi sandukuni leo. Ukurasa wa 12 na 13 una alama ya mafuta ya kaimati, umefunikwa kwa unga wa wanga usiku kucha na kupanguswa. Baka limepungua, halikwisha. Mshono wa juu umelegea mm 3 kwenye nakala mbili kati ya tano, zote zilifungwa fundo moja. Kuanzia sasa mafundo mawili.

Gurudumu liligeuzwa asubuhi ya Idi kabla ya pilau. Duara lilitakiwa kusimama kwenye tarehe halisi ya mwezi ulioonekana, si kwenye alama ya penseli, maana mwaka mwingine una siku 354 na mwingine 355. Alama ya penseli imefutwa.

Ulimi wa siku ya 30 unavutika kwa urahisi mno. Mtoto mmoja aliuvuta siku ya tisa. Utawekewa kifungo na kitanzi cha uzi.

Kazi inayofuata: rangi za Idi ya kuchinja, zimebaki siku 64 hadi 66 kufika 10 Mfunguo Tatu, na tukitoa saba za kutoa kitabu mapema zinabaki 57 hadi 59. Manila ya majalada imeshapimwa nyuzi na kutiwa alama. Inasubiriwa kanga yenye jina fupi.